Tutaumaliza Ukirudi

4 Februari

Mdogo wangu Antena,

Najua ukiona bahasha yenye mwandiko wangu utasema nimekuja kuudai upawa wa Baba. Nimekuja kuudai kweli, lakini hilo lisubiri mwishoni.

Mwanangu ameondoka. Hilo unalijua, maana alilala kwako kabla ya kupanda ndege, na natumaini ulimpa godoro lile zuri, si lile lenye shimo katikati unalowapa wageni usiotaka wakae. Nakuandikia kuhusu asubuhi aliyoondoka hapa nyumbani. Kuna jambo limenikaa kooni na mtaani hapa sina wa kumweleza akanielewa. Simu na wewe ndiyo hivyo tena. Mara ya mwisho nilikupigia kukuambia cherehani yangu imekatika mkanda, ukanipa pole ya msiba.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akimuaga Baba. Wake wengine wa kota walilia, wakashikana mikono na waume zao, wakaomba dua. Mama yetu alianzisha ugomvi. Mara ndoo imeachwa juani ikapasuka, mara kamba ya kuanikia imefungwa chini mno, mara nani amemaliza sabuni. Baba ameshavaa gwanda, lori la jiko linanguruma nje, na wao wamesimama mlangoni wanabishana kuhusu ndoo. Wala hawakuumaliza ugomvi hata mara moja. Baba alipanda lori huku akisema, "Nikirudi utanieleza vizuri," na Mama akamjibu, "Rudi basi nikueleze." Nilipokuwa mkubwa kidogo nikamuuliza kwa nini anamfanyia hivyo mtu anayekwenda vitani. Akaniambia, "Baba yenu hawezi kuacha ubishi nusu. Namjua. Atarudi kuumalizia."

Basi siku ya mwanangu Spana kuondoka nikajiandaa. Sikuwa na ndoo iliyopasuka, nikachagua komeo la dirisha la jikoni. Alilifunga mwenyewe, na tangu alifunge halishiki. Fundi wa magari ya jeshi, injini anaifungua akiwa amefumba macho, komeo la dirisha limemshinda. Nikamngoja amalize chai nikamwambia, unaondoka unaniacha na dirisha wazi, wewe ni fundi wa wapi. Nilisema kwa ukali hasa. Antena, yule mtoto akaweka kikombe chini, akanikumbatia, akasema, "Kweli Mama, umeshinda. Nisamehe." Akachomoa bisibisi mfukoni, akalitengeneza palepale. Sasa linashika vizuri sana. Begi likabebwa, akaenda zake.

Hakuna tulichobakiza. Kila nikilifunga dirisha lile roho inaniuma. Baba yake Spana alikuwa mwashi, alitoka asubuhi akarudi jioni, kwa hiyo katika nyumba hii hatukuwahi kugombana mlangoni, na mtoto hakuijua desturi. Ningemweleza lini? Ukishaeleza haina maana tena.

Sasa sikia ninalotaka. Mkuu wa kikosi ametuita sisi familia, Jumamosi ya mwisho ya Machi, bwaloni. Wanataka kuongeza muda wa vijana wetu kule kwa nchi rafiki, na inasemwa wanataka wavuke mto waingie ndani zaidi. Eti tutoe maoni. Mimi nitasimama niseme inatosha, warudi. Njoo usimame pamoja nami. Wewe ulilivaa gwanda. Mimi kazi yangu ilikuwa kulipunguza kiuno tu.

Na upawa uje nao.

Dada yako


15 Februari

Dada,

Alilalia godoro zuri. La shimo nililalia mimi, na mgongo hadi leo hausemi nami.

Barua yako imenirudisha kota nusu saa nzima. Mteja amesimama mbele ya kibanda changu na redio yake mkononi, mimi nimekodoa macho ukutani nacheka peke yangu. Akadhani nimepigwa na shoti. Nilikuwa nakumbuka siku ile lori lilipoondoka mapema kuliko walivyosema. Mama alikuwa bombani, alikuwa bado hajapata nafasi ya kugombana na Baba. Alipoona vumbi, akatupa ndoo, akatimua mbio barabarani, kitambaa cha kichwa kimemvuka, anapiga kelele kwamba nani amechukua kisu chake kizuri cha jikoni. Wale askari wa nyuma ya lori wakapiga makofi. Baba akasimama katikati ya masufuria, akajibu kwa sauti yote, "Kisu changu hicho. Nimekinunua mimi." Mama akarudi amejaa vumbi na uso umekunjuka. Nami, mtoto mdogo, nikaamini kwamba vita ni mahali watu wanapopeleka visu vya jikoni.

Na akirudi je? Kabla ya salamu, kabla ya kuvua buti, begi bado begani: "Sasa, kuhusu kile kisu." Mama anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Siku hizo hata sisi tulijua hatutatumwa dukani.

Spana aliondoka vizuri. Alikula, akalala, asubuhi nikamsindikiza hadi geti la uwanja. Usimtie mkosi kwa sababu ya komeo.

Kuhusu bwaloni, siji, Dada. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Mimi nilikaa kwenye nchi ile mwaka mzima, juu ya kilima na mtambo wangu wa mawasiliano. Nimeshakusimulia yule mama aliyetupandishia maji kila asubuhi, ndoo kichwani, bila kujua neno moja la lugha yetu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa akiitua ndoo, anatuhesabu kwa kidole, anatikisa kichwa kwamba sawa, tumetimia, anateremka. Masikio yangu niliyaacha kwenye kilima hicho na sijawahi kuyadai. Nikisimama leo mbele ya mkuu wa kikosi nikasema watu wale hawatuhusu, nitakuwa nasema uongo. Rafiki akiwa na moto nyumbani humwambii subiri nipige hesabu.

Na mkumbuke Baba. Aliporudi kutoka huko hakuweza tena kupika chakula kidogo. Jumapili zile, sufuria ya jeshi katikati ya uwanja, kota nzima inakula, yeye na upawa wake anacheka. Alikuwa amejifunza kulisha watu. Hilo ndilo lililomtoa hapa akaenda.

Upawa unabaki. Mshonaji hana kazi nao.

Mdogo wako,
Antena


27 Februari

Antena,

Nimefika mwisho wa ukurasa na nimekasirika vilevile.

Wewe ulikuwa mdogo, ulikaa karibu na sufuria, ukala, ukalala kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nashika sahani Baba akipakua. Acha nikuambie nilichokiona mimi. Wote wakishakula, wakishashukuru na kuondoka, Baba alibaki ameshika upawa anaangalia geti. Namwambia, Baba wote wamekula, tufunike. Ananiambia, "Subiri kidogo. Kuna wengine." Hawakuwepo wengine. Chakula kinapoa, nzi wanakuja, na yeye anaangalia geti. Alikuwa anapikia kikosi kilichokwenda, Antena, wakati kilichorudi kilikuwa pungufu. Mama akatoka, akamtoa upawa mkononi polepole, akamwingiza ndani. Ndiyo maana nautaka. Wewe ukiuangalia unaona sherehe.

Sisemi watu wale hawatuhusu. Usinilishe maneno. Ninasema kuna mtu mmoja katika mambo haya lazima aseme imefika hapa, na sijamsikia. Mwaka jana ilikuwa miezi michache, kulinda barabara tu. Sasa ni mto. Tukishavuka mto tutaambiwa kuna mlima. Nakata nguo kila siku, najua mkasi ukishaingia pabaya unavyojitetea kwa kuendelea mbele.

Jirani yangu, mke wa koplo wa nyumba ya pili, yule mwenye mtoto anayeota meno, hakubaliani nami katika hili. Mume wake yuko huko pamoja na Spana. Jana alikuja nimpanulie gauni, pini ziko mdomoni mwangu sina namna ya kujibu, akasema, "Mama Spana, wakirudi kabla hawajamaliza, waliyoyafanya yote yatakuwa bure. Mume wangu ameniambia wanawake wa kule wanalima sasa. Mwaka jana walikuwa hawathubutu kutoka nje." Ni binti mzuri, na anasema kwa kujua. Nilipotoa pini mdomoni sikuwa na hasira tena, nikamwambia tu apumue nimpime.

Lakini nitasema. Nimeshayapanga maneno, nayasema juu ya cherehani kila siku: Mwanangu hakuomba kwenda. Mlimpanga, akatii, kama babu yake alivyotii. Sasa nirudishieni. Ni hayo tu. Nani atanijibu?

Jambo moja nakuuliza. Alipolala kwako, alikuambia lolote kuhusu nani aliyelipeleka jina lake? Nataka nikisimama nijue ninamtazama nani.

Dada


9 Machi

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kibanda kimejaa karatasi.

Aliniambia. Usiku ule aliolala hapa tulikaa na chai, akaniandikia kwenye karatasi ili nisikosee kusikia, maana alitaka nielewe vizuri. Hakuna aliyelipeleka jina lake. Alilipeleka mwenyewe. Kikosi kilikuwa kinatafuta fundi wa pili wa kwenda na magari ya wagonjwa, na hawakumtaja yeye. Alikwenda ofisini akasema yuko tayari. Akaniomba nisikuambie. Alisema, "Mama akidhani nimetumwa atawakasirikia wao. Akijua nimejitolea atanikasirikia mimi, na sitaweza kuondoka."

Ndiyo maana alikuomba msamaha wa komeo haraka vile. Si komeo alilokuwa anaombea radhi.

Nilimpa neno langu na leo nimelivunja. Ningenyamaza, Dada, lakini ungesimama bwaloni mbele ya watu wote ukasema hakuomba kwenda, na mkuu wa kikosi angekuangalia kwa huruma. Huruma ile siwezi kuistahimili juu yako. Sisi watoto wa mpishi tulizoea kuchekwa, lakini kuonewa huruma hatukuzoea.

Nifokee mimi. Yeye muache afanye kazi yake akiwa na akili tulivu.

Antena


26 Machi

Dada,

Mbona kimya. Mkutano ni keshokutwa na sijui kama utakwenda wala kama unakula. Nimempigia mke wa koplo, nimesikia mvumo tu na mtoto akilia.

Nakutumia upawa wiki ijayo kwa dereva wa basi. Umeshinda.

Mdogo wako


29 Machi

Kwa mwanangu Spana,

Mjomba wako ameniambia. Usimlaumu, alifanya vizuri, ingawa yeye nitamshughulikia kwa wakati wake. Hadithi zake za yule mama wa ndoo ndizo zilizokupandisha ndege ile, na anajua.

Nilikaa wiki mbili sikuandika kwa mtu yeyote. Nilikukasirikia hadi nikaharibu suruali ya mteja, mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Nimekulea mimi. Nimekaa na homa zako. Na wewe unasimama jikoni kwangu unanikumbatia, unaniacha naamini umetumwa. Ungeniambia ningekufokea, ndiyo. Ungefokewa ukaondoka. Watu huondoka huku wanafokewa, babu yako aliondoka hivyo maisha yake yote.

Jana nilikwenda bwaloni. Ni lilelile babu yako alilopikia, rangi tu imebadilika. Harufu ya sabuni ya masufuria ipo vilevile, nikakaa karibu na dirisha la kupakulia chakula kwa mazoea. Mke wa koplo alisema kabla yangu, akasema wamalize kazi. Alisema vizuri, mtoto mgongoni. Ilipofika zamu yangu, maneno niliyokuwa nimeyashona mwezi mzima sikuweza kuyasema, maana hayakuwa ya kweli tena. Nikasema hivi: Mwanangu alijitolea. Nimejua hivi karibuni. Nchi ile baba yangu aliipikia na ndugu yangu aliacha masikio yake huko, kwa hiyo sitasema tuwaache. Ninachouliza ni mwisho uko wapi. Mto, halafu nini? Mtuambie kabla hawajavuka, si baada. Mkuu wa kikosi alisema swali ni zuri. Hakulijibu. Watu hawakupiga makofi, lakini mzee mmoja wa nyuma alikohoa kwa namna ya kukubali.

Sasa turudi kwetu. Mimi na wewe tuna ugomvi. Huu ni mkubwa, si wa komeo. Nasema ulikosea kujitolea bila kuniambia, na nasema ulikosea kujitolea kabisa, na nina sababu zangu zote zimepangwa. Usinijibu kwa kuniomba radhi. Nakukataza. Ukiniandikia nisamehe Mama, nitairudisha barua. Kama una hoja, zilete, na zile zitakazobaki utakuja nazo mwenyewe. Tutaumaliza ukirudi.

Kula.

Mama yako


21 Aprili

Mama,

Barua yako niliisoma chini ya gari la wagonjwa, mafuta yananidondokea usoni. Niliisoma mara ya pili nikiwa nimekaa.

Sikuombi radhi. Ulikosea wewe. Tangu nikiwa mdogo umenifundisha kwamba mtu akiwa na ufundi na jirani ana kitu kimeharibika, haulizwi mara mbili. Ulishona nguo za harusi za watu usiowajua, usiku na mchana, bila hata asante. Sasa kuna gari hapa limebeba mama mjamzito, limezimika, na mwenye kulijua ni mimi. Ulitaka nikae hapo nyumbani nikifunga makomeo?

Na suruali ya mteja usinibebeshe mimi.

Kuhusu mwisho uko wapi, hilo swali hapa tunaulizana pia, tena wote, hata wenye nyota mabegani wakidhani hatuwasikii. Siwezi kukushinda kwenye hilo. Lakini kwenye hili la kwangu nakushinda, na nina hoja tatu ambazo siandiki kwa sababu utapata muda wa kujiandaa. Nitakuja nazo.

Koplo wetu anakusalimia. Anasema mke wake ameandika gauni limemkaa vizuri.

Mwanao,
Spana


18 Mei

Antena,

Redio imesema magari yetu yamekanyaga bomu wakati wa kuvuka mto. Imesema mafundi walikuwemo. Majina hawajataja. Nimekaa na mke wa koplo tangu asubuhi, tunakunja nguo za mtoto, tukizimaliza tunazikunjua tunakunja tena.

Wewe uko karibu na uwanja. Nenda getini. Usiwaulize watu, huwasikii. Angalia kwa macho.

Dada


20 Mei

Dada,

Ninaandika nikiwa getini juu ya boneti ya gari la mtu. Dereva wa basi la mchana atakuletea hii mkononi.

Yu hai. Nimemwona kwa macho yangu, ameteremka ngazi za ndege kwa miguu yake. Mkono wa kushoto umefungwa hadi begani, na uso una michubuko. Atapona. Daktari aliniandikia kwenye kiganja: atapona.

Koplo hakurudi akitembea, ameshushwa ndani ya jeneza. Mkuu wa kikosi ameshaondoka kwa gari kuja huko kumwambia mke wake, na atafika kabla ya barua hii. Kaa naye. Najua hukuondoka.

Spana aliponiona hakunisalimu. Alisimama, amepauka, begi begani kwenye mkono mzima, akaniandikia hewani kwa kidole ili nielewe, halafu akasema taratibu kwa midomo nikasoma: Mjomba, mwambie Mama bado nina zile hoja. Kisha akalia. Tulilia wote wawili pale, na askari wa geti akageuka akaangalia upande mwingine.

Nimwambie nini? Wanampa ruhusa ya kuja nyumbani mwisho wa wiki.

Antena


21 Mei

Antena,

Mwambie nimekasirika vilevile. Usimwambie nimemsamehe, hata akikuuliza. Mwambie aje.

Dada


2 Agosti

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nyumba ilikuwa na mtu, na mtu akiwepo huandiki, unamwangalia tu.

Alifika na kabla ya kuweka begi chini alisema, "Sasa, Mama, kuhusu ile barua." Nani amemfundisha kusema hivyo? Kama ni wewe, nashukuru, na usiniambie. Nilikuwa nimejiandaa kusimama imara. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikashika buti zake. Yeye akasimama, mkono mmoja kifuani umefungwa, akaanza kutoa hoja zake moja moja juu ya kichwa changu.

Tulibishana zaidi ya miezi miwili, Antena. Wakati nachemsha chai, wakati namsaidia kuvaa shati. Hoja yake moja ilikuwa nzuri, siisemi ipi. Na zangu mbili alizikubali. Kuna siku aliniambia kwamba walipofika ukingoni mwa mto hakuna aliyeweza kuwaambia wanavuka kutafuta nini, na kwamba koplo ndiye aliyeuliza kwa sauti. Siku hiyo hatukubishana.

Mke wa koplo alikuja nimpunguzie lile gauni nililompanulia. Amekonda. Sikumgusia mkutano wala yeye hakunigusia. Nilifikiria mno kuhusu Mama na ugomvi wake wa mlangoni. Nilikuwa naamini kwamba ndio uliokuwa ukimrudisha Baba. Lakini binti huyu angegombana na mume wake mwaka mzima na bomu lingekuwa palepale chini ya mchanga. Hata Mama alijua, naona. Alijua kila lori lilipoondoka, na akagombana vilevile, kwa sababu ilikuwa lazima afanye kitu kwa mdomo wake zaidi ya kulia. Jioni hiyo mtoto alikaa nami, nikamkatia kigauni kutoka kwenye kitambaa nilichokipunguza kwenye gauni la mama yake.

Sasa sikia. Mkono wa Spana umepona. Mkataba wake haujaisha, na wameitwa tena. Bado hawajatuambia mwisho uko wapi, nimekwenda kumuuliza mkuu wa kikosi mara mbili, na mara ya pili nilikwenda na mke wa koplo. Yeye ndiye aliyeuliza safari hii. Tutakwenda tena.

Spana aliondoka jana. Safari hii sikutaka kuanzisha kitu. Tulikuwa tumeshamaliza yote, na sikuwa na nguvu. Nilimpa chai, akanywa. Nikasema moyoni nitamkumbatia tu, yaishe. Akasimama mlangoni na begi lake. Halafu akageuka, akaenda jikoni, akalitikisa lile komeo la dirisha alilolitengeneza mwenyewe, linaloshika vizuri kuliko komeo lolote mtaani. Akalikunjia uso. Akaniambia kwa ukali, "Mama, nani amelichezea hili komeo?"

Nilimwangalia. Uso wa Baba ule.

Nikamwambia hakuna aliyeligusa, wewe ndiye hukulitengeneza vizuri. Akasema nililitengeneza vizuri sana. Nikasema fundi gani wewe. Akashuka ngazi anajibu, nami nikamfuata hadi barabarani ninajibu, majirani wakatoka, gari la kikosi likapiga honi, naye akapanda huku amenielekezea kidole. "Nikirudi utanieleza vizuri," akasema.

Nilimwambia arudi basi nimweleze.

Dirisha leo nimeliacha wazi. Na ule upawa, najua hukuutuma, dereva wa basi aliniambia kila wiki unamwambia wiki ijayo. Usiutume. Kaa nao. Njoo tu siku moja tuugombanie hadi jasho litutoke.

Dada yako